Pyrrho wa Elis: Mgiriki Aliyetafuta Utulivu Ndani ya Shaka



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu, katika toleo hili nimechagua kuandika juu ya mtu ambaye hakuwa Muislamu wala Ahlul-Kitaab. Ni Pyrrho wa Elis, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki karibu miaka 2,300 iliyopita, ambaye jina lake limekuwa kama anwani ya shaka duniani. Huenda mtu akauliza, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu ana shughuli gani na mpagani wa zamani hivyo? Sababu ninayo. Anayefungua matini ya itikadi ya Imam Umar an-Nasafi (aliyefariki mwaka 537 Hijria) atakuta kwamba jambo la kwanza linalothibitishwa mle si utume wala ufufuo. Linalothibitishwa kwanza ni kwamba vitu vina uhakika wake, na kwamba mwanadamu anaweza kuujua. Papo hapo Imam anataja watu wanaolipinga hilo, nao ni Sufastaiyya. Wengi wetu tunalikariri jina hilo, tunaliandika kwenye mtihani, kisha tunafungua ukurasa unaofuata.

Mimi nilitaka kujua watu wa namna hiyo walikuwa akina nani hasa: walikula nini, waliishi na nani, na je, waliweza kuishi na hayo waliyoyasema? Nilitaka kujua kwa sababu hapa chuoni maneno yao yamerudi. Tunayasikia darasani, tunayasikia hosteli usiku, na wapo ndugu zetu ambao yamewaingia moyoni nao hawajui wamwambie nani. Utafutaji wangu ulinifikisha kwa Pyrrho.

Kijana mchoraji

Pyrrho alizaliwa mnamo mwaka 360 hivi kabla ya Nabii Isa (A.S.) katika mji wa Elis, kaskazini-magharibi mwa rasi ya Peloponnese. Elis haukuwa mji wa elimu kama Athens, lakini Wagiriki wote waliujua kwa kuwa watu wake ndio waliosimamia michezo ya Olympia. Baba yake aliitwa Pleistarchus. Habari zake nyingi zimetufikia kupitia Diogenes Laertius, mwandishi aliyekusanya maisha ya wanafalsafa karne kadhaa baadaye, naye alizichukua kwa waliomtangulia, hasa Antigonus wa Carystus, aliyeishi karibu na zama za Pyrrho mwenyewe. Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tunajua kwamba mapokezi hayalingani nguvu, kwa hiyo panapostahili nitasema tu kwamba inasimuliwa.

Alianza maisha akiwa maskini asiyejulikana, na kazi yake ilikuwa uchoraji. Inasimuliwa kwamba picha zake za wakimbiaji wa mbio za mienge zilibaki kwenye ukumbi wa mazoezi wa mji wao, na kwamba hazikuwa mbaya wala hazikuwa za ajabu. Baadaye akaacha rangi na kufuata falsafa. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Anaxarchus wa mji wa Abdera, ambao ndio mji wa Democritus. Katika mapokeo ya huko tayari palikuwa na fikra kwamba utamu, uchungu, joto na baridi ni namna vitu vinavyotujia sisi, na huenda visiwe hivyo katika asili yake.

Safari ya Mashariki

Mwaka 334 kabla ya Nabii Isa (A.S.), Alexander wa Makedonia alivuka kuingia Asia na jeshi lake. Anaxarchus alikuwa katika msafara huo, na Pyrrho akafuatana na mwalimu wake. Msafara ulipita Uajemi, na mwaka 327 ukaanza kuingia nchi za Wahindi. Wakati huo Pyrrho alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Diogenes anaeleza kwamba Pyrrho alikutana na makuhani wa Uajemi, na pia na wale watu wa India ambao Wagiriki waliwaita wenye hekima walio uchi. Hao walikuwa wameacha mali na nguo, wakivumilia jua na mvua pasipo kulalamika. Mmoja wa watu hao, aliyeitwa Calanus, alifuatana na jeshi, na alipougua aliomba awashiwe moto akaingia mwenyewe, jeshi zima likitazama, wala hakutikisika. Sisi dini yetu inatukataza mtu kujiua, hilo halina mjadala. Lakini waweza kufikiria kishindo alichowaachia Wagiriki waliozoea kubishana kwa maneno matupu.

Inasimuliwa pia kwamba Pyrrho alimsikia Mhindi mmoja akimlaumu Anaxarchus: vipi atamfundisha mtu wema na huku yeye mwenyewe anashinda kwenye baraza za wafalme? Maneno hayo yalimwingia mwanafunzi kuliko mwalimu. Aliporudi kwao Elis hakutafuta baraza la mfalme yeyote. Alipenda kukaa peke yake, na hata jamaa zake wa nyumbani walimwona kwa nadra.

Alichofundisha

Pyrrho hakuacha kitabu cha falsafa. Tunayoyajua yametoka zaidi kwa mwanafunzi wake Timon wa Phlius, aliyekuwa mcheza ngoma wa jukwaani kabla hajawa mwandishi. Muhtasari wa Timon ulihifadhiwa na Aristocles wa Messene, kisha ukanakiliwa na Eusebius, askofu wa Kikristo wa karne ya 4.

Kwa muhtasari huo, anayetaka kuishi kwa furaha ajiulize mambo matatu: vitu vikoje katika asili yake, sisi tuvielekee vipi, na atakayefanya hivyo atapata nini. Jibu la Pyrrho kwa swali la kwanza ni kwamba vitu havitofautishiki, havipimiki, wala havihukumiki. Kwa la pili, basi tusiziamini hisi zetu wala rai zetu, tusiegemee upande wowote. Kwa la tatu, atakayekaa hivyo kwanza atanyamaza, asiwe na la kudai, kisha atapata utulivu wa nafsi, hali ambayo Wagiriki waliiita ataraksia.

Wafuasi waliokuja baadaye ndio waliotia mifano mingi. Mnara ukiwa mbali unauona wa mviringo, ukiusogelea unauona wa pembe nne. Kasia ndani ya maji huonekana limepinda, ukilitoa limenyooka. Asali ni tamu kwa mzima na chungu kwa mgonjwa. Basi ipi ndiyo hakika? Pale hoja za pande mbili zinapolingana uzito, wao husitisha hukumu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Pyrrho hakusema kwamba hakuna ukweli. Kusema hakuna ukweli ni hukumu, na yeye alikuwa anakimbia hukumu. Wala hakuleta shaka ili ashinde mabishano. Aliona watu wanaumia kwa sababu wanashikilia kwamba kitu hiki ni kheri hasa na kile ni shari hasa, wakikosa wanasononeka, wakipata wanaogopa kupoteza. Akadhani kwamba ukikiondoa kile kushikilia, maumivu nayo yatakwenda. Shaka kwake ilikuwa dawa ya moyo. Kama dawa yenyewe ilifaa, hilo tutaliona.

Visa vya maisha yake

Antigonus alisimulia kwamba Pyrrho alikuwa hajikingi na kitu, si mikokoteni, si majabali, si mbwa, kwa kuwa hakuziamini hisi zake, na kwamba marafiki ndio waliokuwa wakimwokoa. Lakini Aenesidemus, mfuasi wake wa karne ya 1 kabla ya Nabii Isa (A.S.), alikanusha. Alisema Pyrrho alisitisha hukumu katika falsafa tu, ama katika mambo ya kila siku alikuwa na hadhari. Mimi naona kauli ya Aenesidemus ina nguvu, kwa sababu Pyrrho aliishi karibu miaka 90. Mtu asiyekwepa mkokoteni hafiki umri huo.

Visa vingine vinaonyesha mtu wa kawaida kabisa. Aliishi na dada yake, Philista, ambaye alikuwa mkunga. Pyrrho mwenyewe alipeleka kuku na vitoto vya nguruwe sokoni kuuza, na alifagia nyumba bila kujali watasemaje. Katika jamii ambayo kazi hizo ziliachiwa wanawake na watumwa, jambo hilo lilionekana geni mpaka likaandikwa.

Kuna kisa cha merini. Dhoruba ilichafua bahari, abiria wakashikwa na hofu. Pyrrho akawaonyesha kijinguruwe kilichokuwa kinaendelea kula kana kwamba hakuna kitu, akawaambia mwenye hekima anapaswa awe na utulivu wa namna ile. Mfano wa mnyama huyo unatukaa vibaya, lakini tuuache mnyama tulitazame swali. Je, utulivu wa kiumbe asiyejua hatari ni sawa na utulivu wa anayeijua, kisha akategemea? Sisi tunayo tawakkul. Mwenye tawakkul anajua kwamba bahari imechafuka na jahazi laweza kuzama, na moyo wake umetua kwa sababu anajua bahari ni ya nani.

Inasimuliwa tena kwamba alipopata jeraha alitiwa dawa kali, akapasuliwa na kuchomwa moto, kama walivyofanya matabibu wa zama hizo, wala hakukunja uso. Na siku moja Anaxarchus alitumbukia kwenye tope zito, Pyrrho akapita bila kumsaidia. Watu wakamlaumu, lakini Anaxarchus mwenyewe akamsifu kwa kutojali kwake. Hapa siwezi kumtetea. Dini yetu imefanya kumsaidia aliye taabuni kuwa haki juu yetu, na utulivu unaomwacha mwalimu matopeni ni wa kuogopwa.

Lakini yeye mwenyewe hakuweza kukaa hivyo siku zote. Safari moja alikasirika kwa ajili ya dada yake. Safari nyingine mbwa alimrukia, naye akaingiwa na hofu. Alipolaumiwa, alikiri kwamba ni vigumu kumvua mtu ubinadamu wake wote. Katika visa vyote vya Pyrrho hivi viwili ndivyo ninavyovipenda zaidi. Mbwa na dada walimwonyesha kwamba kuna mambo ambayo mtu huyaamini kwa mwili na damu yake hata kama ulimi umesitisha hukumu.

Heshima yake mjini

Mtu mwenye kuleta shaka juu ya kila kitu ungetarajia mji wake umfukuze. Socrates alinyweshwa sumu huko Athens mwaka 399 kabla ya Nabii Isa (A.S.), na moja ya mashtaka lilikuwa kutoiamini miungu ya mji. Elis walifanya kinyume. Inasimuliwa kwamba walimfanya Pyrrho kuhani mkuu, na kwa ajili yake wakapiga kura kuwasamehe kodi wanafalsafa wote. Msafiri Pausanias, aliyepita huko katika karne ya 2 Miladia, alikuta sanamu yake mjini, na kaburi lake likiwa si mbali.

Hata wapinzani walimheshimu. Epicurus, ambaye falsafa yake ilikuwa ya kudai na kuthibitisha, alivutiwa na mwenendo wa Pyrrho, akawa anamuuliza habari zake mara kwa mara mwalimu wake Nausiphanes aliyewahi kumwona. Watu waliukubali mwenendo wake hata pale walipoikataa rai yake. Pyrrho alifariki mnamo mwaka 270 hivi kabla ya Nabii Isa (A.S.).

Jina lake baada ya kufa

Shaka ilihamia Athens, katika shule ileile iliyoanzishwa na Plato, ikawa silaha ya mabishano. Carneades, mkuu wa shule hiyo, alitumwa Roma mwaka 155 kabla ya Nabii Isa (A.S.), na inasimuliwa kwamba siku moja alihutubia kuitetea haki, siku ya pili akaibomoa, vijana wakamshangilia. Nadhani mmeshawaona akina Carneades katika midahalo yetu ya chuo. Aenesidemus aliona mambo yameharibika, akalirudisha jina la Pyrrho. Kisha Sextus Empiricus, tabibu aliyeishi karibu na karne ya 2 Miladia, akaandika vitabu vilivyokusanya hoja zote za kundi hilo. Kitabu chake kilipochapwa kwa Kilatini mwaka 1562 kiliitikisa Ulaya. Montaigne wa Ufaransa alikisoma, na Descartes mwaka 1641 alitoa kitabu kizima akitafuta msingi ambao shaka haiwezi kuung'oa.

Kwetu Waislamu jina lake lilifika mapema zaidi. Al-Farabi (aliyefariki mwaka 339 Hijria), katika risala yake juu ya mambo yanayotangulia kusoma falsafa, aliwataja Pyrrho na wenzake miongoni mwa makundi ya Wagiriki, akieleza kwamba waliitwa wazuiaji kwa sababu waliona watu wazuiwe wasiifuate elimu. Ama jina Sufastaiyya, asili yake ni wale masofisti waliokuwepo Ugiriki kabla ya Pyrrho. Lakini Imam at-Taftazani (aliyefariki mwaka 793 Hijria), alipoisherehesha matini ya an-Nasafi, aliwagawa Sufastaiyya mafungu matatu: wanaokanusha uhakika wa vitu, wanaosema uhakika unafuata itikadi ya kila mtu, na la-adriyya, wenye kushuku hata katika kushuku kwao. Fungu hili la tatu linafanana sana na wafuasi wa Pyrrho.

Taftazani aliona kujadiliana na la-adriyya hakuna njia, kwa kuwa hawakubali hata kitu kimoja kinachojulikana ambacho utajengea hoja. Kwa hiyo akasema waadhibiwe kwa moto, ama wakiri ama waungue. Nilipoisoma kauli hiyo nilikumbuka jeraha la Pyrrho. Yeye alichomwa, wala hakukunja uso. Isitoshe, wafuasi wake hawakukanusha kwamba moto unauma. Walikiri maumivu, wakasitisha hukumu juu ya asili ya moto. Basi moto peke yake usingemaliza maneno, na mtu wa leo aliyeingiwa na shaka hamalizwi kwa ukali.

Ndiyo maana namrejea Imam al-Ghazali (450 hadi 505 Hijria). Katika Al-Munqidh min adh-Dhalal ameeleza waziwazi kwamba maradhi hayo yalimpata. Alizishuku hisi, kwa sababu jicho huona kivuli kimesimama kumbe kinasogea, na huona nyota ndogo kama dinari kumbe ni kubwa. Kisha akaishuku akili yenyewe, kwa mfano wa ndoto tunazoziamini mpaka tunapoamka. Alikaa hivyo karibu miezi miwili. Hakutibiwa kwa hoja. Alisema ni nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Hujjatul-Islam hakuona aibu kuyaandika hayo ili wengine wasome.

Tunachukua nini

Kwanza, tuwe waadilifu. Anayemtaja Pyrrho ili kukutikisa imani anamsingizia. Mtu huyu alikuwa kuhani wa mji wake, hakuipiga vita ibada, na shaka yake aliielekeza kwenye madai yote, yakiwemo ya wanaokanusha.

Pili, kusema sijui si kushindwa. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, na kwa 32 kati ya hayo akajibu kuwa hajui. Tofauti ni kwamba Malik aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya anayoyajua, lakini Pyrrho alitaka asimame juu ya kutojua kwenyewe, na mbwa mmoja akamtoa hapo. Fiqhi yetu imelipanga jambo hili vizuri. Mwenye yakini ya udhu akashuku kama umetenguka, anabaki na udhu wake. Shaka inakubaliwa kuwa imekuja, lakini haipewi ufunguo wa nyumba.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike: tuwapokee wanaouliza. Katika aya ya 260 ya Suratul-Baqara, Nabii Ibrahim (A.S.) anamwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyohuisha wafu, naye anaeleza kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa, alionyeshwa. Na katika Sahih Muslim wamo maswahaba waliomwendea Mtume (S.A.W.) wakilalamika kwamba nafsi zao zinawaletea mambo mazito hata kuyatamka, naye akawaambia kwamba kule kuyaona mazito ndiyo imani iliyo wazi.

Utulivu alioutafuta Pyrrho ni uleule aliouomba Ibrahim (A.S.). Mmoja aliutafuta kwa kunyamazisha swali, mwingine kwa kulipeleka kwa Mwenye jibu. Basi ndugu au dada akikujia baada ya swala, akakwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wake haujatua, usimwashie moto wa Taftazani, wala usimcheke kwenye kundi la WhatsApp. Kaa naye. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mwende pamoja kwa anayejua.

Wabillahi tawfiq.